Haya Si Ndiyo

Pale ofisini walimwita Bi Koma, na hakuna aliyejua kama ni kwa heshima au kwa kumkomoa. Miaka ishirini na miwili alikuwa msomaji wa prufu kwenye kampuni ya vitabu vya shule, akiwinda koma zilizopotea, mpaka kampuni ikafunga milango na mitambo yake ikauzwa kama chuma chakavu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, miwani ya kamba shingoni, na tabia ya kusahihisha matangazo ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Waliomwajiri baada ya hapo hawakuitaka tabia hiyo, walitaka Kiswahili chake tu, ila ukichukua kimoja umebeba na cha pili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni hiyo mpya ilitengeneza wakala. Si yule wakala wa kibandani mwenye kiti cha plastiki, bali programu ya akili mnemba inayokaa ndani ya simu ya mtu na kumtunzia pochi yake ya sarafu za mtandaoni: inamsomea salio, inatuma, inabadilisha, inaweka akiba, na inazungumza naye kwa sauti ya binamu mwenye adabu za kupita kiasi. Wakala huyo hana mikono. Ana zana, na kila zana ina ukurasa wake wa maelezo: inafanya nini, itumike lini, isitumike kabisa lini. Wakala husoma ukurasa, halafu hufanya kama ulivyoandikwa, neno kwa neno, bila kumuuliza jirani. Kurasa hizo ndizo alizoandika Bi Koma.

Na alizipenda. Maisha yake yote alikuwa ameweka koma kwenye vitabu ambavyo wanafunzi walikwenda kuvichora masharubu. Sasa amepata msomaji anayeheshimu hata nukta. Ukimwandikia "usitume kabla mwenye pochi hajakutajia jina la anayetumiwa", hatumi. Ukilisahau hilo neno "kabla", atatuma, na sarafu ikishaingia kwenye mtandao ule hairudi hata ulie machozi ya damu. Ndiyo maana kila ukurasa ulihitaji sahihi ya mwandishi, na bila sahihi hiyo zana ilibaki ya majaribio. Bi Koma hakuwa mwepesi wa kutia sahihi. Zana ya kutuma ilimchukua wiki tatu, na mkurugenzi alikuwa karibu kutafuna tai yake.

Mkurugenzi huyo walimwita Mteremko, kwa sababu kwake kila kitu kilitakiwa kiwe mteremko. Mteja asiulizwe mara mbili. Kitufe kiwe kimoja. Maneno yapungue. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mtanashati, mwenye viatu vyeupe visivyojua vumbi, na wala hakuwa mbaya kwa maana ya mtu anayepiga paka mateke. Alikuwa mbaya wa aina ile nyingine, anayekuumiza huku anakukorogea chai.

Jumamosi moja Bi Koma alikwenda kwa shangazi yake kuchukua sketi iliyopunguzwa kiuno. Shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na bado anashona. Chumba chake cha kazi kilikuwa na vyerehani viwili, kimoja cha umeme na kimoja cha mguu, meza ya kukatia iliyojaa mikwaruzo ya mkasi, na majoho ya kwaya kumi na manne ya zambarau yakining'inia kwenye kamba. Majoho hayo yalikwenda ng'ambo, kwa wanakwaya waliomlipa kwa sarafu za mtandaoni kwa kuwa benki zilikuwa zikimkata mpaka anabaki na harufu ya hela. Bi Koma mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye majaribio ya wakala. Alimwambia huyu atakusaidia, Shangazi, na maneno hayo sasa alikuwa anakwenda kuyameza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Njoo hapa uniambie huyu mtu wako anasema nini."

Alimaanisha simu. Ilikuwa imeegemea kopo la vifungo. Bi Koma akaigusa, na ile sauti ya binamu ikasema: "Akiba yako imefungwa kwa miezi kumi na minane, kama ulivyoidhinisha. Hongera kwa uamuzi mzuri."

"Imefungwa na nani?" akauliza Shangazi. "Hiyo ni hela ya jicho."

Bi Koma akavuta kiti cha cherehani akakaa. Hela ya jicho aliijua. Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho, upande wa kulia, na tarehe ya upasuaji ilikuwa imepangwa, ishirini na sita ya mwezi uleule. Daktari alishasema hapo ndipo mwisho wa kungoja. Mshonaji asiye na jicho la kulia hatungi uzi kwenye sindano, na Shangazi bila sindano ni nani? Hakuwahi kuwa mtu mwingine.

Simu ilikuwa imehifadhi sauti za mazungumzo. Wakasikiliza wote wawili. Cherehani kinanguruma. Mteja mmoja wa kike analalamika kwamba joho linabana kwapani. Katikati ya malalamiko yale wakala anaingia, taratibu: "Ukifunga akiba yako miezi kumi na minane, utapata faida. Niifunge?" Cherehani kinanguruma tena kidogo. Halafu sauti ya Shangazi: "Haya."

Ni hilo tu. Neno moja.

"Ulisema haya," akasema Bi Koma.

"Nilisema haya linyamaze. Au nilimwambia yule wa kwapa. Mimi nitajuaje?"

Hapo ndipo Bi Koma alipoutazama mdomo wa shangazi yake kama anautazama kwa mara ya kwanza. Kati ya midomo kulikuwa na pini nne, vichwa nje, kama zilivyokuwapo tangu yeye ni mtoto. Shangazi alikuwa akila na kulala bila pini, na pengine kusali. Yaliyobaki yote aliyafanya nazo mdomoni.

"Shangazi, hebu sema hapana."

"Hap..." Pini ikamchoma mdomo wa juu. Akazitema zote kiganjani. "Unanichezea?"

"Zirudishe. Sasa sema haya."

"Haya," akasema Shangazi, na pini hazikutikisika hata moja.

Wakatazamana. Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akazitoa tena ili acheke vizuri. "Kumbe. Hapana inataka ufunge mdomo. Haya haitaki. Miaka hamsini nawajibu watu haya. Anayesema bei ni kubwa, haya. Anayesema atalipa kesho, haya. Yule jirani alipokuja kuniposa baada ya marehemu mume wangu kututoka, nilikuwa napinda pindo. Nikamwambia haya. Mpaka leo hajaniona nyumbani kwake."

Bi Koma naye akacheka, lakini kicheko kilimkwama. Aliona aibu, tena kubwa. Alikuwa amemletea shangazi yake kitu kinachosikiliza kila neno na kisichoelewa hata moja, na kitu chenyewe yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Nyuma ya aibu zikaja hasira, akaziacha zije. Alijua kabisa hakuandika hivyo.

Jumatatu aliwahi ofisini kabla ya wafagiaji. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu: meza ndefu, skrini, chumba kimoja cha vioo cha mikutano, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo ya bluu ambayo hakuna aliyekubali kwamba ni kazi yake kuimwaga. Akafungua ukurasa wa zana ya idhini. Sentensi yake aliikumbuka kwa moyo: "Idhini ni pale tu mwenye pochi anapolitaja kwa kinywa chake jambo analolikubali." Haikuwapo. Mahali pake palikuwa na nyingine: "Idhini ni neno lolote la kukubali: ndiyo, sawa, haya, poa, twende." Chini yake nafasi ya sahihi ilikuwa wazi, ikingoja jina lake.

"Mimi nilidhani umeibadilisha wewe, mama," akasema Fundi.

Fundi ndiye aliyeunda zana zenyewe. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto kwa sababu ya kile kiyoyozi. Bi Koma akamuuliza mambo mawili tu. La kwanza, waliofungiwa akiba kwa majaribio ni wangapi. Mia mbili na kumi na mmoja, akasema Fundi. La pili, kufunguliwa kunawezekana?

"Kwa sasa ndiyo. Ziko kwenye mfuko wa muda, hazijaenda kwenye mtandao wenyewe. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Akikuta ukurasa una sahihi, saa kumi jioni zote zinapelekwa, na huko hafungui mtu mpaka miezi kumi na minane iishe. Akikuta hauna, anafuta, kila mtu anaulizwa upya."

"Kwa hiyo nisipotia sahihi, basi."

"Usipotia, basi."

Mwingine angeishia hapo. Angekunja mikono, angeugua tumbo Alhamisi. Bi Koma si mtu wa kuugua tumbo. Mtu akikuta kosa kwenye ukurasa hageuzi uso, analisahihisha. Akavaa miwani, akairudisha sentensi yake pale ilipokuwa, na chini yake akaanza kuandika kuhusu neno moja. Aliandika mpaka mchana, akasahau kula.

Jumanne Mteremko alimwita kwenye chumba cha vioo. Alikuwa ameuchapa ukurasa, karatasi tatu, ameziweka mezani kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu.

"Bi Koma, hii ni zana au ni hadithi?"

"Ni ukurasa wa zana."

"Umeandika nusu ukurasa juu ya neno haya."

"Nimejizuia. Ilitaka kuwa ukurasa mzima."

Mteremko akatabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri, na alilitumia kama watu wengine wanavyotumia kadi ya benki. "Mama yangu, nisikilize. Kwa sentensi yako, wateja watatu katika kumi walifunga akiba. Kwa yangu, tisa. Wenye mitaji wameona hiyo tisa. Wameipenda."

"Basi sita kati yao hawakukubali."

"Watu wanapenda mteremko."

"Shangazi yangu hakuteremka, alisukumwa."

Ilimtoka. Mteremko akaegemea kiti, akakunja nne, kiatu cheupe hewani. "Ahaa. Kumbe ni shangazi."

"Ndiyo, ni shangazi. Na wale wengine mia mbili na kumi unadhani hawana wa kuwaita shangazi?"

Mteremko akamimina chai kutoka kwenye chupa, akamsogezea kikombe, akaweka na kijiko cha sukari bila kuulizwa. Halafu akaongea kwa sauti ya chini, ya kirafiki kabisa. Alisema yeye si mnyama. Alisema huyo shangazi atamfungulia kimyakimya, leo hii, mmoja tu, bila karatasi. Mzee akatibiwe. Na Bi Koma naye ampe sahihi yake, maana mkaguzi hawezi kukuta nafasi iko wazi, watadhalilika wote.

Ndoo ya bluu ilikuwa inapokea matone. Bi Koma aliyahesabu kumi na moja. Sitamsingizia ushujaa: aliliona lile jicho, aliiona tarehe ishirini na sita, akaona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi, jina moja chini ya karatasi moja, na asingejua mtu. Chai hakuigusa.

"Tumeelewana, Bi Koma? Alhamisi nataka sahihi iwepo."

Bi Koma alikuwa ameshasimama, mkono kwenye kitasa. "Haya," akasema.

Aliivuta ile a ya mwisho mpaka ikakaribia kufika kwenye lifti. Yeyote aliyelelewa na mwanamke anaifahamu haya hiyo. Ukiisikia ukiwa mtoto, unaacha unachofanya, unakwenda kutafuta viatu vyako. Mteremko aliifurahia, akamsukumia mlango kwa heshima zote.

Jioni hiyo Bi Koma alipitia kwa Shangazi, akamweleza jambo lote, hakuficha hata lile la kufunguliwa peke yake. Aliona si haki kulikataa jicho la mtu mwingine kwa niaba yake. Shangazi alikuwa anapinda joho. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini, na Bi Koma akajua jibu linalokuja ni la dhati.

"Nikifunguliwa mimi peke yangu," akasema, "hilo jicho nitamtazamia nani?"

"Ukikosa operesheni je?"

"Usinitie maneno. Sijasema nataka kukosa. Nimesema sitaki ya mlango wa nyuma. Nenda kaipiganie ya mlango wa mbele."

Alhamisi ikafika. Mkaguzi alikuwa anatarajiwa saa nane mchana. Saa nane na dakika tano, mkaguzi akiwa ameshaingia chumba cha vioo, Fundi alikuja kwenye meza ya Bi Koma, kofia mkononi, nywele zimesimama, akamgeuzia skrini ya kompyuta yake. Ukurasa wa zana ya idhini. Sentensi ya Mteremko ilikuwa imerudi mahali pake, nusu ukurasa wa haya haupo, na kwenye nafasi ya sahihi limekaa jina la Bi Koma, herufi zote, hata lile jina la kati ambalo hulitumia kwenye kitambulisho tu. Pembeni palikuwa na maelezo mafupi ya aliyeliweka: "Mwandishi ameidhinisha kwa mdomo, kikaoni. Alisema haya."

Bi Koma akasoma mara mbili. Halafu akacheka. Alicheka kwa sauti, mabega yakitikisika, mpaka meza ndefu yote ikaacha kuchapa. Hakuwa amecheka hivyo ofisini tangu aajiriwe, na Fundi akaogopa kidogo.

"Mama, uko sawa?"

"Lile toleo langu la Jumatatu bado unalo?"

"Matoleo yote yanabaki. Hakuna kinachofutika."

"Lilete," akasema Bi Koma, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena. Hakuwa amealikwa kwenye chumba cha vioo. Aliingia hivyo hivyo, na Fundi nyuma yake amekumbatia kompyuta.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, ametumwa na mamlaka inayotoa leseni kwa kampuni za aina ile. Alikuwa na daftari la mistari, kalamu ya wino, na glasi ya maji ya moto yasiyo na kitu ndani. Aliwatazama wote wawili walioingia, akawangoja waseme.

"Samahani kwa kuingilia," akasema Bi Koma. "Hiyo sahihi unayoitazama, jina ni langu. Mkono si wangu."

Mteremko aliinuka nusu. Tabasamu lilikuwapo. "Ni mambo ya ndani tu, Bi Mkaguzi. Huyu mama tulikaa naye Jumanne, nikamuuliza kama tumeelewana, akakubali. Mimi nikamsaidia tu kuliweka jina. Bi Koma, sema ukweli. Ulisema haya, au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi," akasema Mteremko, akakaa.

"Nilisema, kama shangazi yangu alivyosema. Kama wale mia mbili na kumi wengine walivyosema. Wewe ulichofanya kwangu Jumanne ndicho hicho zana yako inachofanya kwa watu. Umesikia haya, ukachukua jina langu ukaenda nalo." Akaigonga miwani yake kwa kidole. "Mimi nimesoma, nina miwani, najua kila kitufe kilichomo humu, na bado umenichukulia. Yule mwenye pini mdomoni atajiteteaje?"

Mkaguzi alikunywa funda moja la maji yake. "Kuna toleo jingine la ukurasa huu?"

Fundi akaiweka kompyuta mezani. Mkaguzi akavuta kiti karibu na akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya jamaa.

"Wakala aangalie sana neno haya. Watu husema haya kumjulisha anayesema kwamba amesikika, na hapo hawajakubali kitu. Husema haya kumaliza mazungumzo, na hapo wanataka mtu aondoke. Mama humwambia haya mtoto aliyekataa sweta, maana yake ni kwamba akiumwa asimwite. Mtu aliyechoka kubishana husema haya, naye ndiye aliyekataa kuliko wote, ila hana nguvu ya kurudia. Ikivutwa mwishoni ni onyo. Ikisemwa mara mbili, haya haya, anayeambiwa aharakishe. Wapo wanaoisema kwa sababu mdomo una kazi nyingine. Na mara chache, mtu akiwa ametulia na ameelewa, haya ni ndiyo. Wakala hana sikio la kuzitofautisha, wala si kosa lake. Kwa hiyo akisikia haya asifunge, asitume, asibadilishe. Aulize tena, na angoje mtu alitaje jambo lenyewe kwa jina."

Mkaguzi akateremka mstari mmoja, akaendelea.

"Ipo haya nyingine, isiyosemwa. Mtu anayo au hana. Hiyo wakala asiitafute kwa mwenye pochi. Aitafute kwa waliomtuma."

Ndoo ya bluu ikapokea tone. Nje ya vioo meza ndefu yote ilikuwa imesimama, na hakuna aliyejifanya anatafuta karatasi. Mteremko alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ndugu mkurugenzi," akasema mkaguzi, na kalamu yake ikagusa daftari. "Nitaandika hivi: sahihi ya mwandishi imewekwa na mtu mwingine, ushahidi wake ni neno haya. Nitaandika pia kwamba ukurasa usipitishwe mpaka aliyeuandika atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba waliofungiwa wote waulizwe upya kwa sentensi hii ya kwanza. Unakubali?"

Jasho lilikuwa limemtoka Mteremko juu ya mdomo, pamoja na kiyoyozi chote kile. Alimtazama Bi Koma, akamtazama Fundi, akatazama ile meza ndefu upande wa pili wa kioo. Mabega yakashuka.

"Haya," akasema.

Kalamu ya mkaguzi haikusogea. Alisubiri. Kisha akauliza, bila kejeli yoyote, kama mtu anayetaka kujua:

"Haya ipi?"

Fundi akaiziba midomo kwa kofia yake.

"Ndiyo," akasema Mteremko. "Ndiyo, nakubali waulizwe upya."

Saa tisa na dakika ishirini Fundi alibonyeza alichotakiwa kubonyeza. Saa kumi ikaja ikapita na hakuna sarafu iliyopelekwa popote. Saa kumi na robo simu ya Bi Koma ikaita.

"Limeniuliza tena," akasema Shangazi. "Nimezima cherehani. Nimetoa pini, zote nne, nimezihesabu. Ndipo nikalijibu."

"Umelijibuje?"

"Nimeliambia hapana, usifunge hela yangu ya jicho. Halafu nikaliambia na koma, usiniulize tena."

Bi Koma aliketi na simu sikioni muda mrefu baada ya mazungumzo kuisha. Alilia kidogo, akajipangusa, akaimwaga ndoo ya bluu kwa kuwa ilikuwa imejaa.

Alipokuwa anafunga mkoba, Mteremko alikuja mpaka kwenye meza yake. Safari hii hakuleta chai. Aliongea kwa sauti ya kusikika meza nzima. Alisema Bi Koma amewaaibisha mbele ya wageni, amewakosesha mitaji, na kesho asije. Asije kesho wala keshokutwa. Tunaelewana?

"Haya," akasema Bi Koma, akachukua mkoba wake, akashuka.

Ijumaa Mteremko alifika saa tatu kasoro na kumkuta amekaa mahali pake, miwani puani, kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Ukurasa wa zana ya idhini ulikuwa wazi mbele yake na nafasi ya sahihi bado tupu. Meza ndefu ikaacha kuchapa.

"Nilikuambia usije," akasema Mteremko. "Na ulisema haya."

"Nilisema," akajibu Bi Koma, macho kwenye skrini, na akarudisha koma moja mahali pake. "Ukurasa umeusoma?"